Oili ya Dakika Kumi: Haraka Inayoua Injini

Siku hizi katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang hakuna kijiji kisichosikia mlio wa pikipiki. Pikipiki hupeleka mgonjwa hospitalini, hupeleka mbegu shambani, huteremsha vitunguu saumu vya Bashay sokoni, na huwarudisha wanafunzi shuleni likizo ikiisha. Ziko pia pawatila, yako matrekta katika mbuga za ngano za Basotu, na ziko motokaa za abiria zipandazo ukuta wa Bonde la Ufa kwa njia ya Magara. Jamaa nyingi leo hula, huvaa na kulipia watoto shule kwa kazi ya injini moja tu. Injini hiyo ikifa, nyumba nzima huona njaa.

Kwa hiyo yafaa leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kubadili oili. Kubadili oili ni kazi nyepesi. Si kazi ya kufungua injini, wala haihitaji mashine kubwa. Lakini kwa kuwa ni nyepesi, watu wameifanya kuwa kazi ya mbio. Kando ya barabara, karibu na vituo vya mafuta, na hasa siku ya mnada, utaona kibanda, galoni chache za oili, beseni jeusi na kijana mwenye spana. Atakuambia, "Leta hapa, dakika kumi tu." Wewe una haraka, naye ana haraka. Tuone basi haraka hiyo yaweza kuleta nini.

OILI INA KAZI GANI?

Ndani ya injini vyuma husuguana maelfu ya mara kila dakika. Oili huingia katikati ya chuma na chuma, ikafanya utando mwembamba ili visigusane. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Kazi ya pili ni kuchukua joto na kulitoa. Ya tatu ni kubeba taka, yaani masizi na chembe za chuma, visikae penye beringi. Ya nne ni kuziba nafasi ndogo kati ya ringi za pistoni na silinda, nguvu isipotee.

Tena kumbukeni kwamba pikipiki zetu nyingi hupozwa na upepo tu, hazina maji. Oili yake ni lita moja hivi, na hiyo lita moja yahudumia injini, giaboksi na klachi pamoja. Trekta lina oili nyingi, likipoteza nusu lita laweza kuvumilia kidogo. Pikipiki ikipoteza nusu lita imepoteza nusu ya uhai wake.

Na nchi yetu si nchi rahisi kwa injini. Ziwa Manyara liko mita 960 hivi juu ya bahari, na uwanda wa Mbulu wapita mita 1,700. Chombo kinachopanda tofauti hiyo katika mwendo mfupi, na mzigo mgongoni, kwa gea ya kwanza na ya pili, huchemka sana. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi kali. Wakati wa kiangazi vumbi la Basotu huingia kila mahali. Barabara kuu ya Singida na Babati ipitayo Katesh ina lami, lakini njia nyingi za vijijini mwetu ni vumbi na mawe. Injini iliyotunzwa vibaya haiwezi kufika mbali katika nchi kama hii.

MTU ALIYEIONDOLEA GARI-MOSHI USUMBUFU

Hapo zamani gari-moshi lilikuwa lazima lisimame mara kwa mara ili mtu azunguke na kopo, atie mafuta kila kiungo. Aliyepunguza taabu hiyo ni Elijah McCoy, mtu mweusi aliyezaliwa Kanada mwaka 1844. Wazazi wake walikuwa watumwa waliotoroka Marekani. Walijitahidi wakampeleka Scotland kujifunza uhandisi. Aliporudi Marekani hakupewa kazi ya uhandisi kwa sababu ya rangi yake. Alipewa kazi ya kuchochea moto na kutia mafuta katika gari-moshi. Katika kazi hiyo ya chini akaona lililo muhimu, na mwaka 1872 akapata hati ya kifaa chake cha kutia mafuta chenyewe wakati mashine ikiendelea kufanya kazi.

Nimewakumbusha habari hii ili tuone kwamba kutia mafuta si kazi ya mtoto wa kupita. Alipoitazama kwa akili, mtu alipata heshima kwayo. Hata kwetu twajua hivyo. Mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO katika Hanang yalianzishwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, na Watanzania wengi walijifunza huko kuendesha na kutunza matrekta. Mtu aliyefundishwa kutunza trekta hupima oili asubuhi kabla ya kuwasha. Hangoji mpaka taa nyekundu iwake.

ASILI YA MADUKA YA HARAKA

Maduka ya kubadili oili kwa dakika chache yalienea Marekani tangu miaka ya 1970. Watu walikuwa na motokaa nyingi na nafasi kidogo, nao walipenda kungoja ndani ya motokaa, oili ikimwagwa chini yake. Si jambo baya lenyewe. Lakini ubaya ulijitokeza: mfanyakazi alihesabiwa kwa wingi wa motokaa, si kwa uzuri wa kazi. Mwaka 2006 watangazaji wa televisheni ya Los Angeles walipeleka motokaa zenye kamera zilizofichwa katika maduka ya namna hiyo, na baadhi yake yalionekana yakilipisha kazi ambayo haikufanyika kabisa. Basi tusifikiri kwamba ulaghai huu ni wa kwetu tu. Penye haraka na fedha ndogo-ndogo nyingi, uzembe hupata nafasi, iwe Marekani au Katesh.

HATARI ZENYEWE

Sasa tuzitaje hatari moja moja, kusudi kila mmoja azitambue.

Ya kwanza ni bolti ya kumwagia oili. Bolti hii huingia katika chuma laini cha aluminiamu. Kijana mwenye haraka huikaza kwa nguvu zote, hata meno yakakatika. Siku hiyo huoni kitu. Mara ya pili au ya tatu bolti haishiki tena, oili yadondoka njiani tone kwa tone, nawe huna habari. Mwingine, kinyume chake, husahau kuikaza, ikaanguka penye mashimo. Tena kuna ile washa ndogo ya bolti ambayo yapasa ibadilishwe ikichakaa. Bei yake ni ndogo mno, lakini wengi hawaibadilishi kamwe.

Ya pili ni filta. Filta ya motokaa ina mpira wa duara. Pengine filta ya zamani hutoka, mpira wake ukabaki umegandamana na injini. Asiyetazama hufunga filta mpya juu ya mpira wa zamani. Mipira miwili haizibi. Injini ikipata nguvu, oili yafumka nje yote kwa muda mfupi sana.

Ya tatu ni kufungua mahali pasipo penyewe. Katika motokaa nyingine bolti ya giaboksi na bolti ya injini hukaribiana. Fundi asiyejua humwaga oili ya giaboksi, kisha hutia oili mpya katika injini juu ya ile ya zamani. Hapo ameua viwili kwa spana moja: giaboksi haina kitu, na injini imejaa kupita kiasi.

Ya nne ni kipimo. Oili ikipungua, vyuma husagana. Ikizidi, hupigwa-pigwa na shafti mpaka ikafanya povu, na povu halilindi chuma. Tena husukuma sili zikavuja. Kukisia kwa macho hakufai. Wengine husahau kabisa kutia, maana wameitwa na mteja mwingine wakati oili ya kwanza inachuruzika.

Ya tano ni oili isiyofaa. Juu ya chupa husomeka maandishi kama 20W-50. Namba ya kwanza yenye herufi W yaonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi. Ya pili yaonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Kila chombo kina oili yake, imeandikwa katika kitabu chake. Kwa pikipiki kuna jambo zaidi: klachi yake huogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingine za motokaa zimetiwa dawa ya kuteleza, nayo klachi ya pikipiki huteleza pamoja nayo, chombo kikanguruma bila kupanda mlima. Oili iliyopimwa kwa pikipiki za klachi ya namna hiyo huandikwa JASO MA.

Ya sita ni oili ya bandia. Chupa tupu yenye jina zuri hujazwa oili iliyokwisha kutumika, imechujwa kidogo ing'ae. Hatari ni kubwa zaidi kwa oili ya kupima, ile inayomiminwa kutoka pipa au galoni isiyo na kifuniko chake. Nani ajuaye asili yake?

Ya saba ni kusafisha kwa haraka. Wapo wanaomimina dizeli au mafuta ya taa ndani ya injini, wakaiwasha kidogo, wakisema wanaiosha. Mabaki yake hubaki ndani na kuifanya oili mpya kuwa nyepesi kama maji. Wengine huelekeza upepo wa pampu kwa nguvu juu ya filta ya hewa ya karatasi mpaka ikatoboka. Kutoka siku hiyo vumbi lote la barabara huingia moja kwa moja katika silinda, likala chuma kama jiwe la kunolea.

HESABU YA KIJANA WA MKATABA

Mfikirieni kijana mmoja wa kijiji chochote kati ya Haydom na Dongobesh. Hana pikipiki yake. Amepewa kwa mkataba. Kila juma hupeleka fedha kwa mwenye chombo, na baada ya mwaka au zaidi, akimaliza hesabu, pikipiki yawa yake. Ana mke na mtoto mchanga, na mdogo wake yuko sekondari. Amekwisha kulipa miezi minane.

Siku ya mnada abiria ni wengi. Anasimama kibandani, oili yabadilishwa huku akizungumza na simu. Bolti haikukazwa sawasawa. Jioni ampeleka abiria mlimani. Njiani asikia injini yalia kwa sauti kavu, lakini abiria ana haraka, basi aongeza mafuta. Ghafula gurudumu la nyuma lakwama. Injini imenoki.

Sasa hesabuni. Oili na kazi ya kibanda zilimgharimu nauli za safari chache. Kuifungua injini, kununua pistoni, ringi na pengine shafti, kutamgharimu mapato ya majuma mengi. Nayo majuma hayo hana chombo cha kumpatia fedha, na mkataba haungoji. Mwenye pikipiki asema, "Umeua chombo changu." Miezi minane yaweza kupotea hivyo. Mdogo wake aambiwa angoje. Hayo yote kwa bolti moja. Wahenga walisema rahisi ni ghali, nao hawakuwa na pikipiki.

Wala si fedha tu. Gurudumu likikwama kwenye mteremko wa mawe, watu huanguka. Na chombo kikifa usiku njiani na mama mjamzito akiwa juu yake, hasara haipimwi kwa shilingi.

NANI WA KULAUMIWA?

Yatupasa kusema kwa haki. Wako mafundi wema na waangalifu, hata chini ya mti, ambao kazi yao yashinda ya wengine wenye gereji za mabati mazuri. Wako vijana waliopita VETA wakajifunza vizuri, na wako waliojifunza kwa wazee wao. Kosa si kukosa jumba. Kosa ni kuthamini mbio kuliko kazi.

Na mteja naye ana sehemu yake. Ni yeye asemaye, "Fanya upesi." Ni yeye anayelalamika juu ya bei ya filta, na kuchagua oili ya kupima kwa kuokoa fedha kidogo. Ni yeye anayeondoka kwenda kunywa chai, akarudi na kuwasha chombo bila kutazama kitu. Mfugaji wa Hanang hamkabidhi ng'ombe wa maziwa kwa mtoto asiyemjua. Mbona chombo kinacholisha nyumba amkabidhi yeyote mwenye spana?

BASI TUFANYEJE?

Haya ni mashauri machache ambayo kila mwenye chombo aweza kuyafuata, hata kama hakusoma ufundi.

1. Jua hesabu yako. Soma kitabu cha chombo, ukiandike kiasi cha oili, aina yake na kilometa za kubadili. Kama huna kitabu, muulize fundi unayemwamini au muuzaji wa chombo chenyewe. Pikipiki ikitembea kilometa 100 kwa siku, siku 6 kwa juma, hiyo ni kilometa 600. Ikiwa kipimo chako ni kilometa 1,500, basi ni majuma mawili na nusu. Andika tarehe na kilometa katika daftari ndogo. Pikipiki mpya hubadilishwa oili mapema zaidi mara ya kwanza.

2. Nunua oili mwenyewe, katika duka unalolijua, ikiwa katika chupa iliyofungwa kwa muhuri wake. Chukua risiti.

3. Usiende siku ya msongamano. Siku ya mnada fundi ana watu kumi wanaomwita. Chagua asubuhi ya siku ya kawaida.

4. Simama utazame. Injini iwe na vuguvugu ili oili ichuruzike yote, lakini isiwe ya kuunguza. Bolti na itolewe, washa itazamwe, filta ya zamani itazamwe kama mpira wake umetoka nayo. Tazama pia oili chafu: ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa, injini inaliwa ndani. Lakini weusi peke yake usikutishe. Oili nzuri hufanya nyeusi kwa sababu yabeba masizi, hasa katika injini ya dizeli.

5. Pima kabla ya kuondoka. Simamisha chombo wima mahali tambarare. Washa dakika moja au mbili, zima, ngoja kidogo, kisha pima kwa kijiti au tazama katika kioo chake. Oili iwe kati ya alama mbili. Chungulia chini kama kuna tone.

6. Pima tena baada ya safari ya kwanza, na tangu hapo walau mara moja kwa juma. Taa ya oili ikiwaka, au ukisikia mlio mkavu, zima mara moja. Usiseme, "Nitafika tu." Kuisukuma pikipiki kilometa mbili ni taabu ya saa moja, injini iliyonoki ni taabu ya mwaka.

7. Chupa ikiisha, itoboe au uikate kabla ya kuitupa. Hivyo mlaghai hatapata chombo cha kujazia oili yake ya bandia.

Ukigundua kwamba umeuziwa oili ya bandia, tunza chupa, risiti na oili iliyobaki, uitoe habari. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 yakataza bidhaa za bandia, na Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo inayoshughulika nazo. Shirika la Viwango, TBS, husimamia ubora. Kunyamaza ni kumwachia mlaghai jirani yako.

OILI CHAFU IENDE WAPI?

Jambo la mwisho lawahusu hata wasio na chombo. Vibanda vingi humwaga oili chafu chini, au mtaroni. Mvua ikija, oili hiyo yateremka mtoni, na mto huo ndio wanyweshao ng'ombe na wachotao akina mama. Idara ya mazingira ya Marekani hufundisha kwamba oili ya kubadili injini mara moja tu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Sisi tulio na vijito vya milima ya Mbulu na maziwa kama Basotu tuna haki ya kuogopa.

Tena oili chafu hudhuru ngozi. Ikigusa mkono leo na kesho si kitu, lakini fundi anayeogelea ndani yake miaka mingi ana hatari ya saratani. Wenye kazi hiyo wanawe kwa sabuni, wasiwaache watoto kuichezea, wala wasiitie katika chupa za maji au za soda, maana mtoto aweza kuinywa. Ikusanywe katika galoni lililofungwa na kupewa wale wanaoikusanya kwa kazi halali. Serikali ya kijiji yaweza kabisa kuweka kanuni kwamba kila kibanda kiwe na pipa lake.

Ninyi akina baba mnaonunulia vijana wenu pikipiki, wanunulieni na daftari la hesabu ya oili. Ninyi akina mama mnaotunza fedha za nyumba, mkiombwa fedha za filta msione ni ubadhirifu. Nanyi vijana wenye spana, fahamuni kwamba mkono wenu washika chakula cha watu. Fanyeni kazi ile kwa dakika thelathini, mwite mteja aone kipimo, naye atarudi kwenu mwaka hadi mwaka. Fundi wa namna hiyo hahitaji kupiga kelele kando ya barabara. Watu wenyewe wataulizana njia ya kwenda kwake.